Rio au La Paz kwa likizo? Nimekaa kote, maoni yangu haya hapa

Rio de Janeiro ya Brazil na La Paz ya Bolivia ni miji ambayo mtu akikwambia iko bara moja unabisha kwanza. Wa kwanza uko baharini kabisa, joto, watu wanaingia dukani na kaptula na ndala na mchanga bado miguuni, mwingine uko mita kama 3,600 juu ya usawa wa bahari, baridi ya usiku hiyo usiseme, na kina mama wanapita na sketi za marinda na kofia nyeusi za duara zimekaa juu ya nywele utadhani zimegundishwa. Nimeenda kote kwa pesa yangu mwenyewe, hakuna aliyenipa ofa, kwa hiyo nasema nilivyoona.

Mwenye haraka achukue jibu lake aende: una wiki moja tu, nenda Rio. Una zaidi ya hapo na unapenda mji unaokushangaza kuliko mji unaokubembeleza, nenda La Paz. Mi nikipewa tiketi moja leo nachagua La Paz, na sababu kubwa, msinicheke, ni usafiri wa umma.

Ngoja nieleze. Miji yote miwili ina vigari vya kebo, vile vinavyoning'inia kwenye waya vinapita juu ya paa za watu. Vya Rio vinajulikana dunia nzima, vinapanda Pão de Açúcar, lile jabali la mita 396 lililosimama pale mlangoni mwa ghuba, na vimeanza kazi 1912 kwa hiyo ni vya zamani kwelikweli. Unapanda kwa awamu mbili, kwanza kutoka Praia Vermelha mpaka kilima cha Urca, unashuka, unazungukazunguka, afu unapanda kingine mpaka kileleni. Mandhari ya kule juu ni balaa, hilo sibishi, unaona ghuba yote na ndege zinatua uwanja wa Santos Dumont chini yako, chini kabisa. Ila bei ya tiketi imesimama, foleni ni ya watalii watupu, kule juu ni migahawa na maduka ya zawadi, na mtu wa Rio wa kawaida humkuti mle labda kama ana wageni anawatembeza. (Kama mfuko umebana kuna njia ya miguu inaanzia Praia Vermelha hapohapo inapanda mpaka Urca, ni bure, ni mlima kweli lakini mtu mzima mwenye afya anaupanda bila shida, vaa raba tu.)

Sasa njoo La Paz. Kule vigari vya kebo ndo daladala. Mtandao unaitwa Mi Teleférico, ulianza 2014 na mistari mitatu, mwekundu, wa njano na wa kijani, rangi za bendera ya Bolivia, na sasa hivi imefika kumi, zaidi ya kilomita 30 za waya juu ya mji. Nauli iliyoanza nayo ilikuwa boliviano 3, hela ndogo sana. Kigari kinabeba watu kumi, hakisimami kabisa, kinapunguza tu mwendo pale stesheni unaruka ndani unakaa, na ndani uko na mama kabeba mzigo mgongoni kwa kitambaa cha rangi saba, kijana wa chuo kajiziba masikio na muziki wake, mzee anasinzia, na wote hawaangalii nje kwa sababu kwao ni safari ya kazini tu, wewe peke yako ndo umebandika pua kwenye kioo.

Na cha kuona kipo bwana. Mstari mwekundu unaondoka pale stesheni ya zamani ya treni unapanda kuelekea mji jirani wa El Alto, na njiani unapita juu ya makaburi makuu ya mji. Makaburi ya pale ni ya ghorofa, kuta zimepangwa vijidirisha vya kioo, kila kidirisha ni marehemu mmoja, ndani ndugu wameweka maua na picha na vichupa vya soda, na wewe unapita juu kimyakimya unachungulia. Afu kigari kinazidi kupanda, ukuta wa matofali mekundu ya nyumba ambazo hazijapigwa lipu umeinuka mbele yako, na ghafla umefika El Alto, tambarare, mita kama 4,100, na ukigeuka nyuma La Paz yote iko chini kama bakuli na mlima Illimani wa mita 6,438 umekaa pembeni na theluji yake. Ukiwa na muda chukua mstari wa kijani upande wa pili, ule unashuka kuelekea kusini kwa matajiri, unaona mabwawa ya kuogelea na bustani za watu kutoka juu, nadhani wenyewe hawakufurahi siku ulipozinduliwa.

Kitu kinachofurahisha ni kwamba miji yote miwili maskini ndo wanaishi juu. La Paz tajiri anashuka chini kwa sababu chini kuna joto kidogo na hewa ya kutosha, anayebaki juu ni aliyehamia kutoka vijijini. Rio tajiri kakaa chini ufukweni, na favela, mitaa ya watu maskini, zimepanda milima, ndo maana baadhi ya nyumba zenye mandhari nzuri kuliko zote Rio ziko Vidigal kwa watu wa kipato cha chini. Rio nao walijaribu vigari vya kebo kwa wananchi, kule kwenye favela za Complexo do Alemão, vilizinduliwa 2011, vikasimama 2016. Hapo ndo tofauti ya hii miji naiona. Rio mandhari inauzwa kwa tiketi, La Paz mandhari imo ndani ya nauli.

Haya, baada ya kuisifia hivyo niiponde sasa maana nayo haina huruma. Uwanja wa ndege uko El Alto, mita 4,061. Yaani ndege haishuki kama ulivyozoea, inafika tu. Unatoka nje unavuta mkoba hatua chache moyo unakimbia, kichwa kinaanza kugonga polepole, usiku unalala unashtuka unatafuta pumzi. Wenyeji wanaita soroche, ugonjwa wa mwinuko. Siku mbili za mwanzo zihesabu kama hazipo, usipange kitu, kunywa maji sana, kula kidogo, pombe weka pembeni, tembea kama bibi harusi. Hotelini watakupa chai ya majani ya koka, inywe, ni halali kule na wenyeji wanasema inatuliza, ila usije ukabeba vile vipakiti vya chai ukarudi navyo nyumbani kama zawadi, nchi nyingi hiyo ni dawa ya kulevya na forodhani hawatakusikiliza. Ukiona kichwa kinazidi badala ya kupungua, au unakohoa, au mtu anaanza kuyumba na kuongea visivyoeleweka, huo sio muda wa chai, anatakiwa kushushwa chini na kuonwa na daktari. Na usijipe moyo kwamba we ni mtu wa mazoezi. Mwaka 2009 Argentina na Messi wao uwanjani na Maradona kocha walienda pale Hernando Siles, uwanja wa mpira wa La Paz, wakala 6-1.

Ndo maana nasema mwenye wiki moja asiende. Toa siku mbili za kichwa, toa siku za kusafiri (kufika La Paz mara nyingi unabadilisha ndege zaidi ya mara moja, njia ya São Paulo na Santa Cruz ndo niliyopitia), unabaki na nini? Rio unatua asubuhi, mchana uko majini.

Na baridi. Watu wakisikia Amerika Kusini wanafungasha nguo za ufukweni. La Paz mwezi wa sita na wa saba usiku inashuka mpaka karibu na sifuri, na hoteli nyingi hazina hita. Mi nilifikia hoteli moja, jina naliacha, picha za mtandaoni nzuri sana, mablanketi wamepanga kitandani manne, nikajisemea ukarimu gani huu, kumbe ndo hita yenyewe. Maji ya moto yalikuwa yanatoka kama yakipenda. Kwa hiyo kabla ya kubuku uliza neno moja tu, hita ipo chumbani au haipo, na usikubali jibu la "chumba kina joto". Mchana jua likitoka ni tofauti kabisa, linaunguza kweli kwa sababu ya mwinuko, unatembea umevaa sweta na huku pua inababuka. Losheni ya jua ni lazima hata kama ngozi yako nyeusi.

Chakula La Paz. Hapa watu wanaidharau bure. Kuna kitu kinaitwa salteña, ukiiona utasema ni sambusa nene ya kuoka, ila ndani kuna mchuzi, mchuzi kabisa wa kumwagika, na nyama au kuku na viazi na pilipili kidogo na utamu kwa mbali. Inaliwa asubuhi ya saa nne saa tano hivi, mchana ukija wameshamaliza. Usiing'ate katikati. Unaishika imesimama, unang'ata kipembe cha juu, unanyonya mchuzi kwanza, afu ndo unaendelea kushuka taratibu. Wenyeji wanamaliza bila tone kwenye sahani na wanakuangalia wewe ulivyojichafua. Jioni tafuta api, uji mwepesi wa moto wa mahindi ya zambarau wenye mdalasini na karafuu, unauzwa na andazi bapa kubwa la jibini, kwenye ile baridi ni tiba. Kingine ni anticucho, mishkaki ya moyo wa ng'ombe inachomwa barabarani usiku. Migahawa ya kukaa chini sikuona ya kuisifia sana, nyingine bei kubwa na sahani tupu, La Paz unakula vizuri umesimama.

Kutembea mjini ni burudani na ni mateso, kila barabara ni mlima. Kuna soko la wachawi pale nyuma ya kanisa la San Francisco, mtaa wa Linares, wanauza dawa za mizizi, sanamu, pipi za kuchoma kwenye kafara na vijusi vya llama (mnyama wa kule kama ngamia mdogo) vilivyokaushwa vinaning'inia mlangoni. Hivyo vijusi vinazikwa kwenye msingi wa nyumba mpya kwa ajili ya Pachamama, mama ardhi, na sio maigizo ya watalii, watu wananunua wanaenda kujengea. Sasa hivi maduka mengi pale yamegeuka ya masweta na vikapu, ila ukienda na heshima na usipige picha kabla ya kuomba mama muuzaji atakueleza kipi cha nini. Pale Plaza Murillo kuna saa kubwa kwenye jengo la bunge ambayo 2014 iligeuzwa izunguke kinyume, serikali iliamua kwamba nchi ya kusini isome saa ya kusini. Na kwenye vivuko vya barabara utakutana na vijana wamevaa nguo za pundamilia wanacheza na kusimamisha magari watu wapite, huo mpango upo tangu 2001. Nilidhani ni tangazo la biashara.

Basi Rio.

Rio ukifika unaielewa ndani ya saa moja. Bahari, mlima, msitu, watu, vyote viko pamoja, hakuna mji nimeuona umekaa vile. Cristo Redentor, ile sanamu kubwa ya Yesu, nenda, usijifanye mjuaji wa kusema ni ya watalii, ila sitapoteza maneno mengi, ilizinduliwa 1931, iko kwenye kilele cha mita 710, panda ile treni ya Cosme Velho inayopita msituni, na kabla hujalipa inua kichwa uangalie juu, kama sanamu haionekani kutoka chini basi na wewe ukiwa juu utaona wingu tupu. Watu wanapanda na wingu wanashuka na hasira.

Kinachofanya Rio iwe Rio ni ufukwe, na ufukwe ni bure. Copacabana na Ipanema zimegawanywa kwa vituo vya waokoaji vyenye namba, watu wa pale wanapeana ahadi kwa namba, "tukutane Posto 9", na kila namba ina watu wake, wengine familia, wengine vijana, wengine wacheza mpira wa wavu wa miguu ambao ukiwaangalia unajiuliza hizi goti zao zimetengenezwa na nini. Hawatandiki taulo, wanatandika canga, kitambaa chepesi, na kiti na mwavuli unakodi kwa yule mwenye kibanda. Ukishakaa huna haja ya kunyanyuka. Anapita jamaa kabeba madebe mawili ya bati mabegani, moja chai baridi ya mate (ni jina la majani ya kule, sio mate ya mdomoni) lingine maji ya ndimu, anakuchanganyia kwenye glasi. Anapita wa biskuti za Globo, zile pete nyepesi za unga wa muhogo, zinayeyuka mdomoni na hazishibishi hata ule mfuko mzima. Nilipokuwepo mimi alikuwa anapita kijana na jiko dogo la mkaa mkononi, anakuchomea jibini kwenye kijiti mbele yako. Jioni watu wanahamia jabali la Arpoador kuangalia jua linazama na likizama wanapiga makofi. Nilikuwa naona ni ushamba. Siku ya pili na mimi nikawa napiga.

Sasa kuna Rio ambayo watalii wengi wanairuka, na kwa msomaji wa Kiswahili naona ndo iwe ya kwanza kwenye orodha. Kule bandarini kuna Cais do Valongo, gati la mawe lililojengwa 1811 ambapo walikuwa wanashushwa Waafrika waliokamatwa kuwa watumwa. UNESCO wanakadiria watu 900,000 walipita pale. Wengi ni wa Kongo na Angola lakini kuna waliotoka upande wetu wa bahari, Msumbiji, wamezunguka rasi yote ile kwenye tumbo la meli. 1843 walilifukia wakajenga gati la kupendeza juu yake kwa ajili ya kumpokea bibi harusi wa kaizari Pedro II wa Brazil, na lilikaa hivyo mpaka 2011 walipochimba kwenye ukarabati wa bandari wakakuta mawe, shanga, hirizi. Tangu 2017 ni urithi wa dunia. Ukifika ni shimo tu la wazi barabarani, mawe yamepangwa vibaya vibaya, bango, basi. Hakuna kiingilio, hakuna geti. Mtaa wa jirani kuna nyumba, wenyewe walikuwa wanaifanyia ukarabati 1996 wakakuta mifupa ya watu, ikajulikana ndo lilikuwa eneo la kuzikia waliokufa mara baada ya kushushwa, leo ni makumbusho madogo yanaitwa Instituto Pretos Novos. Nenda na muda, usiende ukiwa unawahi boti.

Na ni hatua chache tu kutoka hapo, Jumatatu usiku, kuna samba ya Pedra do Sal. Ni jabali limechongwa ngazi, chini yake wanaweka meza moja, wapiga muziki wanaizunguka, na mtaa mzima unasimama unaimba. Hakuna jukwaa wala tiketi. Eneo lote hilo wanaliita Afrika Ndogo na samba ya mjini ilikulia humo. Hapo nakiri La Paz haina cha kujibu. Usiku wa Rio ni wa Rio.

Chakula Rio ni kizito na kinashibisha. Jumamosi ni feijoada, maharage meusi yamepikwa na nyama za nguruwe za kila aina, unapewa na wali, sukuma ya kukaanga na vitunguu saumu, unga wa muhogo uliokaangwa na vipande vya chungwa. Usiyekula nguruwe uliza kwanza kila kitu, hata maharage ya siku za kawaida yanaweza kuwa na kipande kimejificha. Kwa bei nzuri tafuta migahawa ya por quilo, unajipakulia unachotaka sahani inapimwa kwenye mzani unalipa uzito, na mchana ndo chakula bado kipya. Kwenye mzani huo wali na maharage ni gharama sawa na nyama, kwa hiyo tumia akili.

Ubaya wa Rio mnaujua, simu. Sio kwamba utauawa ukitoka nje, watu wanatia chumvi, ila ni mji ambao kuna sehemu ya kichwa chako haipumziki. Simu huitoi barabarani, ukitaka kuangalia ramani unaingia dukani. Mkufu unauacha. Ufukweni hubebi kitu ambacho kikipotea utalia. Ufukwe usiku usishuke kwenye mchanga. Kupanda favela peke yako kwa kufuata ramani ya simu usijaribu, nenda na mwenyeji wa hukohuko. Mi sikuibiwa chochote lakini nilichoka ile kujilinda, na likizo ya kujilinda ni likizo nusu. La Paz nayo ina wezi wake, ile ya mtu kukumwagia kitu kwenye nguo afu mwenzake anajifanya anakufuta, polisi feki wanaotaka kukagua pasipoti, na teksi za kuokota barabarani usiku ambazo watu wamepelekwa mashine ya pesa kwa nguvu. Agiza teksi ya kampuni kwa simu au ombeni hoteli waite. Ila mchana unatembea na kichwa chako kizima.

Pesa. Rio kadi inafanya kazi mpaka kwa muuza madafu, utatembea likizo nzima bila kushika noti. Bolivia ni keshi, na keshi ya dola, noti safi zisizochanika. Kwa miaka mingi kuanzia 2011 dola ilifungwa kwenye boliviano 6.96, afu kuanzia 2023 dola zikaadimika na bei ya mtaani ikaachana kabisa na ya benki, kwa hiyo angalia hali ya mwezi unaoenda kabla hujachomeka kadi kwenye mashine. Kwa ujumla La Paz ni rahisi mno ukilinganisha, kulala, kula, kutembea, vyote.

Bolivia kuna jambo la kufunga barabara. Watu wakikasirikia serikali wanaweka mawe na matairi barabarani na mji unakuwa hautoki wala hauingiliki, siku moja au zaidi. Usiweke safari ya basi siku moja kabla ya ndege yako ya kurudi.

Miezi: Desemba mpaka Machi Rio ni joto kali na mvua za jioni, na kanivali kipindi chake bei zinapaa mara mbili tatu. Miezi hiyohiyo La Paz ni mvua. Mei mpaka Oktoba La Paz ni kavu, mbingu ya buluu, baridi, na Rio ni kipupwe cha kupendeza, maji ya baharini yamepoa kidogo tu. Kwa hiyo ukipata likizo katikati ya mwaka yote yanafaa, ukipata mwisho wa mwaka Rio inashinda bila mjadala.

Matembezi ya nje ya mji La Paz inaipiga Rio mbali. Ziwa Titicaca liko mita 3,812, unapanda basi kwenda mji wa Copacabana (ndiyo, na ule ufukwe wa Rio ulipata jina kwa kikanisa cha Bikira wa huku), na pale Tiquina ziwa linabana, abiria mnashuka mnavuka na kiboti, na basi lenu linavushwa peke yake juu ya jukwaa la mbao linayumba, mizigo yako imo ndani, unaliangalia unasali. Kuna Salar de Uyuni, jangwa la chumvi, basi la usiku. Kuna ile barabara ya Yungas wanayoita ya kifo, magari yalihamishiwa barabara mpya 2006 na sasa watu wanashuka na baiskeli, unaanza na glavu kwenye mita 4,650 na unamaliza kwenye joto la ndizi na mbu chini ya mita 1,300. Breki zijaribu mwenyewe kabla ya kuondoka, kampuni ya bei ya chini kuliko wote ina sababu. Rio kuna miji ya jirani kama Petrópolis na Paraty, kuna feri ya Niterói ambayo ni nzuri na rahisi, nzuri zote lakini hazikubadilishi rangi ya uso.

Kwa wenye watoto wadogo, wajawazito, wenye presha au moyo, wasijiulize mara mbili, Rio, na kama La Paz inawaita waongee na daktari kwanza. Kwa wapenzi wapya Rio. Kwa anayesafiri peke yake na hapendi ufukwe La Paz. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano kuwa nayo kwa nchi zote mbili.

Na ukiwa na muda na pesa ya kufanya yote kwa safari moja anza La Paz umalizie Rio. Mwili ukishazoea kule juu, siku ya kwanza Rio unapanda Urca kwa miguu unahisi una mapafu matatu. Rio lala Botafogo au Flamengo, metro iko mlangoni na bei sio ya Ipanema. La Paz lala Sopocachi, mstari wa njano uko hapo, kuna kahawa nzuri, na ulizia hita.